Butembo na Beni: Jinsi ya kuchagua tripodi na kichwa chake kwa kamera ndogo

Mpiga picha wa harusi mjini Butembo anaweza kuazima lenzi kwa mwenzake, betri kwa jirani na hata kamera yenyewe. Asichoweza kuazima ni dakika ambayo bibi harusi anavishwa pete. Ikipita na picha ikatoka imetikisika, au kamera ikaanguka katikati ya ibada, hakuna wa kuirudisha.

Ndiyo maana kifaa ambacho wengi hukinunua mwisho, kwa fedha zilizobaki, kinastahili kufikiriwa mapema: miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Dukani huitwa tripodi au stendi, na kwa Wakongo wengi waliosoma kwa Kifaransa ni trépied.

Beni, kilomita 54 kaskazini mwa Butembo, inaongeza swali jingine. Katika eneo ambalo raia wamekuwa wakiuawa katika mashambulizi ya waasi wa ADF tangu Oktoba 2014, mtu anayetoa kitu kirefu cheusi mfukoni kando ya barabara na kukisimamisha kwa miguu mitatu anaweza kuonekana na askari aliye mbali kama mtu anayetega silaha.

Kwa hiyo tripodi inayofaa katika miji hii miwili si lazima iwe ya bei ya juu kuliko zote. Ni ile inayobeba kamera bila kulegea, inayosafirika kwa pikipiki, inayotengenezeka bila kusubiri kipuri kutoka nje ya nchi, na isiyomwingiza mwenyewe matatani.

Kwa nini mazingira ya hapa ni tofauti?

Butembo imejengwa juu ya vilima, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Sherehe nyingi hufanyika kwenye nyua zenye mteremko, na msimu wa mvua udongo wake mwekundu hugeuka utelezi. Tripodi inayosimama vizuri kwenye sakafu ya duka inaweza kushindwa kabisa kwenye ua wa namna hiyo.

Tripodi nyingi za bei nafuu zina vyuma vyembamba vinavyounganisha miguu yote mitatu na nguzo ya kati. Vyuma hivyo husaidia kwenye sakafu tambarare, lakini hulazimisha miguu yote kufunguka kwa pembe moja. Kwenye mteremko inafaa zaidi tripodi ambayo kila mguu unafunguka peke yake, ili mmoja urefushwe upande wa bondeni na mwingine ufupishwe upande wa mlima.

Jambo la pili ni mwanga. Miji yote miwili iko karibu sana na ikweta. Jua huzama mnamo saa 12 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Sherehe ya mahari iliyoanza alasiri huishia chini ya taa chache. Mwanga ukipungua, kamera hulazimika kubaki wazi kwa muda mrefu zaidi ili ipate picha, na hapo mkono wa binadamu hautoshi kuituliza.

La tatu ni usafiri. Wapiga picha wengi huenda kazini kwa pikipiki. Tripodi inayokunjika hadi sentimita 40 au 45 huingia kwenye begi la mgongoni. Ile inayobaki na urefu wa sentimita 70 hujitokeza pembeni, hugonga watu sokoni na huvutia macho kwenye vizuizi vya barabarani.

La nne ni vipuri. Bidhaa nyingi za madukani huingia kupitia mpaka wa Kasindi, kilomita 80 hivi kutoka Beni, zikitokea Kampala na bandari ya Mombasa. Nyingine huagizwa na wafanyabiashara wa Butembo kutoka Dubai na Guangzhou. Goma, uliokuwa mlango mwingine wa bidhaa, ulitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Kipande kidogo cha plastiki kinachopotea Butembo kinaweza kusubiriwa kwa majuma kadhaa, kama kinapatikana kabisa.

Kamera yako ina uzito gani?

Hesabu huanzia kwenye mizani, wala si kwenye jina la kampuni. Kamera ndogo za siku hizi ni nyepesi. Canon EOS M50 ina gramu 390 hivi ikiwa na betri, Sony ZV-E10 gramu 343, na Canon EOS 2000D gramu 475 hivi. Lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55 inaongeza gramu 200 hivi. Ukiweka maikrofoni juu na taa ndogo, mzigo wote unakaribia kilo moja.

Kwenye boksi la tripodi huandikwa uzito inaoweza kubeba. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo kimoja ambacho kampuni zote hukifuata. Nyingine hueleza uzito ambao miguu inaubeba bila kuvunjika, nyingine uzito ambao kichwa kinaushika bila kuteleza. Kutovunjika na kutulia ni mambo mawili tofauti.

Kanuni inayotumiwa na wapiga picha wengi ni kuzidisha mzigo halisi mara tatu. Kwa mzigo wa kilo moja, tafuta miguu na kichwa vilivyoandikwa kilo tatu au zaidi. Ukiwa na mpango wa kununua lenzi ndefu baadaye, fanya hesabu ya lenzi hiyo tangu sasa. Lenzi ya Canon ya milimita 70 hadi 200 yenye uwazi wa f/2.8, toleo la pili, peke yake ina kilo moja na nusu hivi.

Lenzi ndefu ina adhabu nyingine. Mtikisiko uleule unaoonekana kidogo kwenye lenzi ya milimita 18 huonekana mara 11 zaidi kwenye milimita 200. Mpiga picha anayesimama nyuma ya kanisa na kuvuta picha hadi madhabahuni ataona kila hatua ya mtu anayepita karibu na tripodi yake. Lenzi kama hiyo ikiwa na pete yake ya kufungia, funga tripodi kwenye pete hiyo badala ya chini ya kamera, ili uzito usiinamie mbele.

Miguu: Alumini, kaboni au mbao?

Alumini ndiyo inayopatikana kwa urahisi, na kwa mtu anayeanza haina ubaya. Si ghali, na haivunjiki kwa ghafla. Udhaifu wake ni kwamba bomba likibonyea kwa kugongwa, sehemu ya ndani hukwama na mguu haukunjiki tena.

Kaboni ni nyepesi zaidi na hutuliza mtetemo vizuri. Gitzo, kampuni iliyoanzia Ufaransa, ilileta sokoni tripodi za kaboni katika miaka ya 1990, na leo viwanda vya China huziuza kwa bei ambayo zamani haikufikirika. Lakini kaboni haipindi, hupasuka. Ikifungwa vibaya nyuma ya pikipiki na kugongana na chuma njia nzima, ufa unaweza kuanza bila mwenyewe kujua.

Mbao zimesahaulika, lakini zisidharauliwe. Mbao ngumu hutuliza mtetemo vizuri sana, na kampuni ya Berlebach ya Ujerumani bado inatengeneza tripodi za mbao. Kivu Kaskazini ni nchi ya chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba magunia ya viazi, makaa na saruji kwenye barabara mbovu. Fundi anayeweza kutengeneza chombo cha namna hiyo anaweza kutengeneza miguu mitatu ya kamera kwa ajili ya kanisa, ukumbi au studio ya redio inayorusha picha mtandaoni. Itakuwa nzito na haitafaa kusafiri, lakini mahali pa kudumu uzito ni faida.

Bila kujali kilichotumika, angalia mambo manne kwenye miguu.

Kwanza, idadi ya vipande. Mguu wenye vipande vitatu hutulia zaidi kuliko wenye vitano, kwa sababu kila kipande cha chini ni chembamba kuliko cha juu yake. Mguu wa vipande vingi hukunjika mfupi. Kwa anayesafiri kwa pikipiki, vipande vinne huwa mapatano mazuri. Bomba la chini kabisa likiwa jembamba kama kalamu, liache dukani.

Pili, vifungio. Vile vya klipu hufungwa haraka na unaona kwa macho kama vimefunga. Vile vya kuzungusha havinasi kwenye nguo wala kamba, lakini mchanga ukiingia ndani hukwaruza. Klipu ya plastiki ikivunjika ni vigumu kuitengeneza, kwa hiyo chagua ile yenye skrubu ya kukazia.

Tatu, urefu. Pima tripodi ikiwa imefunguliwa miguu tu, bila kuinua nguzo ya kati. Ikiwa kamera inafika kwenye kidevu au jicho lako, inatosha. Nguzo ya kati ikiinuliwa juu, tripodi hugeuka kuwa mguu mmoja mwembamba juu ya mitatu. Itumie pale tu unapolazimika.

Nne, nyayo. Mpira unafaa kwa sakafu ya kanisa, ncha ya chuma kwa udongo. Baadhi ya tripodi zina vyote viwili: unazungusha mpira na ncha inajitokeza.

Kichwa kipi kwa kazi ipi?

Wanunuzi wengi hutazama miguu na kusahau kichwa, ilhali kichwa ndicho kinachoshika kamera. Vipo vya aina tatu kuu.

Kichwa cha tufe kina kidude cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe. Unalegeza kitasa kimoja, unaielekeza kamera popote, unakaza. Ni kidogo, chepesi na cha haraka, na kinaruhusu picha ya wima kama ya simu. Kinafaa kwa picha za kawaida. Kwa video hakifai, kwa sababu kikilegezwa kamera huelea pande zote kwa pamoja.

Kichwa cha mikono mitatu kina mshikio kwa kila upande: kulia na kushoto, juu na chini, na kulala ubavu. Ni cha taratibu lakini kwa usahihi ni kizuri. Kinafaa studio, picha za vitambulisho, picha za bidhaa na majengo.

Kichwa cha video kina mkono mmoja mrefu. Ndani ya kile cha kweli kuna grisi nzito inayozuia kamera kwenda kwa mishtuko, ili iweze kumfuata msafara wa wachumba kutoka mlangoni hadi mbele bila kurukaruka. Teknolojia hiyo ilianza katika miaka ya 1940 nchini Australia kupitia kampuni ya Miller. Vichwa vingi vya bei ya chini hubeba jina la vichwa vya video, lakini ndani vina plastiki inayosuguana tu.

Njia ya kuvitofautisha ni rahisi. Sukuma mkono kwa kidole kimoja, polepole. Kichwa kizuri huanza kwenda bila kushtuka, na ukiachia hubaki pale pale. Kibaya hukwama, kisha huruka, na ukiachia hurudi nyuma kidogo. Kurudi huko ndiko kutakakoonekana mwishoni mwa kila picha ya video.

Vichwa vya video huwa na upungufu mmoja unaostahili kujulikana kabla ya kulipa: vingi havilazi kamera ubavu. Kwa anayepeleka kazi yake kwenye mitandao ya simu, ambako picha ni za wima, hilo ni tatizo. Suluhisho ni kuwa na kichwa kidogo cha tufe pembeni, au bati la umbo la herufi L linaloruhusu kamera kufungwa kwa wima.

Kwenye mteremko wa Butembo, pimamaji ni muhimu kama ilivyo kwa fundi mwashi. Kitako cha kichwa kikiwa kimeinama, kamera ikizungushwa upeo wa macho hupanda upande mmoja na kushuka mwingine. Tripodi za video zenye bakuli juu, mara nyingi la milimita 75, huruhusu kichwa kusawazishwa bila kugusa miguu. Kwenye miguu ya kawaida, sawazisha kwa kurefusha na kufupisha mguu mmoja mmoja kabla ya kuweka kamera.

Vitu vidogo vinavyolaza kazi

Chini ya karibu kila kamera kuna tundu la skrubu la robo inchi. Kati ya miguu na kichwa, tripodi nyingi za kikazi hutumia skrubu kubwa zaidi, ya inchi 3/8. Vipimo hivi ni vya kimataifa, na hilo ni jambo jema: miguu ya kampuni moja hupokea kichwa cha kampuni nyingine.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni hili: je, kichwa kinatoka? Kwenye tripodi nyingi nafuu kimeunganishwa moja kwa moja na nguzo. Kikiharibika, tripodi nzima imekwisha. Kwenye ile ambayo kichwa kinatoka, unaweza kununua miguu mizuri leo na kichwa bora mwaka kesho.

Skrubu ikipotea, tahadhari na njia ya mkato. Boliti ya milimita sita inayopatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi inakaribiana kwa macho na ile ya robo inchi, ambayo ni milimita 6.35. Lakini nyuzi zake zimekaa karibu zaidi. Ikilazimishwa kuingia, huharibu nyuzi za ndani ya kamera, na kuzitengeneza ni kazi ghali kuliko tripodi yenyewe.

Pleti, lile bati dogo linalofungwa chini ya kamera na kuchomekwa kwenye kichwa, ndicho kipande kinachopotea kuliko vyote. Kampuni nyingi ndogo zina pleti zao ambazo haziingiliani na nyingine. Pleti za mtindo wa Arca-Swiss, zenye kingo zilizokatwa mshazari, zinatengenezwa na kampuni nyingi na ni rahisi kuzipata mbadala. Kwa mji ulio mbali na vipuri, hii ni sababu tosha ya kuchagua kichwa cha mtindo huo. Nunua pleti mbili siku hiyohiyo: moja ikae kwenye kamera, nyingine kwenye begi.

Ijaribu kabla ya kulipa

Nenda dukani na kamera yako, na lenzi nzito kuliko zote ulizo nazo. Fungua miguu yote hadi mwisho na ubonyeze juu kwa mikono miwili. Klipu ikiteleza hapo, itateleza kanisani.

Shika kichwa na ujaribu kukisokota kama mfuniko wa chupa. Miguu ikijipinda, kila upepo utaonekana kwenye picha.

Funga kamera, ielekeze kwenye maandishi ya ukuta wa mbali, kaza kila kitu, kisha kuza picha kwenye kioo mara 10 kama kamera yako inaruhusu. Gonga mguu mmoja kwa kidole na uhesabu sekunde ambazo picha inachukua kutulia. Linganisha tripodi mbili au tatu kwa njia hii na jibu litakuja lenyewe.

Mwisho, iache kamera ikiwa imeinama chini kwa dakika mbili. Maandishi yakihama polepole kwenye kioo, kichwa hicho hakiwezi mzigo wako.

Beni: Umbo linaloweza kuponza

Tarehe 16 Aprili 2008, Fadel Shana, mpiga picha wa video wa shirika la habari la Reuters, aliuawa Gaza kwa kombora la kifaru cha Israel alichokuwa akikipiga picha kwa mbali. Alikuwa amevaa vazi lenye alama ya waandishi wa habari, na kamera yake ilikuwa juu ya tripodi. Jeshi la Israel lilisema baadaye kwamba askari wa kifaru hawakuweza kutambua kama kile kitu kilichosimama kwa miguu mitatu kilikuwa kamera au silaha. Miaka mitano kabla, Agosti 2003, mwenzake Mazen Dana aliuawa nje ya gereza la Abu Ghraib nchini Iraq. Jeshi la Marekani lilisema askari walidhani kamera yake ni kirusha roketi.

Gaza si Beni, na mazingira ya vita hayafanani. Lakini jicho la askari mwenye hofu hufanana popote. Kivu Kaskazini na Ituri zimekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na baada ya Goma kutekwa, utawala wa jimbo ulihamishia shughuli zake Beni. Wanajeshi wa Kongo, wa Uganda na wa Umoja wa Mataifa wote wamekuwa wakionekana katika eneo hilo. Kila mmoja kati yao anaweza kuwa ndiye anayekutazama.

Kwa sababu hiyo, sura ya vifaa ni sehemu ya uchaguzi. Epuka mfuko mrefu mweusi unaofanana na ala ya bunduki, na kwa vyovyote usinunue mfuko wa rangi za kijeshi, hata ukiwa wa bei ya kutupa. Mfuko mfupi wa rangi angavu, nyekundu au ya chungwa, humwambia mtu wa mbali kwamba hakuna kinachofichwa. Tripodi inayoingia yote ndani ya begi la kawaida ni bora zaidi.

Usiibebe begani ikiwa imekunjwa kama mtutu. Ibebe mkononi, ikining'inia chini, miguu ikitazama ardhini. Kwenye kizuizi, sema kilichomo kabla ya kuulizwa, na usipeleke mkono kwenye zipu mpaka uambiwe. Barua ya kazi yenye mhuri na kitambulisho viwe mfukoni, visiwe chini ya begi.

Kabla ya kufungua miguu hadharani, viongozi wa mahali na askari walio karibu wawe wanajua upo hapo na unafanya nini. Kambi, madaraja, uwanja wa ndege na misafara ya kijeshi havipigwi bila ruhusa. Na inapotokea milio ya risasi, tripodi inaachwa. Hakuna miguu ya kamera inayostahili kurudiwa.

Pale tripodi isipofaa

Kuna mahali ambapo tripodi ni mzigo. Katika msongamano wa soko huwakwaza watu. Kwenye gari linalonguruma hupeleka mtetemo wa injini moja kwa moja kwenye kamera. Mwongozaji filamu wa Kisangani, Dieudo Hamadi, alipiga mwenyewe picha za filamu yake ya 2020 kuhusu manusura wa vita vya siku sita waliosafiri kwa boti kwenye mto Kongo kwenda Kinshasa kudai fidia. Kwenye chombo kilichosheheni watu namna hiyo, mikono ya mpiga picha ndiyo tripodi.

Mbadala wa kwanza ni mguu mmoja. Hausimami wenyewe, lakini huondoa sehemu kubwa ya mtikisiko na hauchukui nafasi. Mbadala wa pili unapatikana kila nyumba: mfuko wa maharagwe. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, jaza kilo moja au mbili za maharagwe makavu, uweke dirishani, juu ya ukuta au juu ya kiti, kisha laza kamera juu yake. Maharagwe hujipanga kwa umbo la lenzi na kuituliza kabisa. Mtu anayekwenda upande wa Mutwanga alfajiri kupiga picha za theluji ya Ruwenzori kabla ya mawingu hahitaji zaidi ya huo na kipima muda cha kamera cha sekunde mbili.

Tope, mvua na klorini

Tripodi iliyorudi kutoka kwenye matope isifungwe ikiwa imelowa. Vuta miguu yote nje, safisha kwa maji safi na mswaki wa zamani, futa, kisha iache ikauke ikiwa wazi usiku mzima. Kaza skrubu zote kila mwezi. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya funguo ndogo za pembe sita ambazo mafundi wa baiskeli wanazo.

Miji hii ina somo jingine. Katika mlipuko wa Ebola wa Agosti 2018 hadi Juni 2020, uliosababisha vifo zaidi ya 2,200, na uliporejea Butembo Februari 2021 na Beni Oktoba mwaka huo, maji ya klorini yalikuwa kila mlango. Dawa ya asilimia 0.5 inayotumika kusafisha vifaa na sakafu huua virusi, lakini pia hula metali. Tripodi iliyopuliziwa klorini isuuzwe kwa maji safi baada ya muda unaoelekezwa na wahudumu wa afya, na ikaushwe. Kwenye maeneo ya aina hiyo, miguu iliyo laini, isiyovishwa sponji, husafishika vizuri zaidi.

Nini kinunuliwe kwanza?

Kwa bei za soko la kimataifa, tripodi nyepesi za dola 15 hadi 30 hutosha kwa simu au kamera ndogo ndani ya nyumba. Zisitwishwe mzigo zaidi ya huo. Kuanzia dola 60 hadi 120 hupatikana miguu ya alumini yenye kichwa kinachotoka, na hapo ndipo mtu anayelipwa kwa kazi yake anapaswa kuanzia. Kaboni huwa juu ya hapo. Butembo na Beni, nauli na ushuru wa njiani huongeza bei.

Anayepiga picha tu aweke fedha nyingi kwenye miguu, kisha kichwa cha tufe cha kawaida. Anayepiga video afanye kinyume: miguu imara ya wastani, na fedha nyingi ziende kwenye kichwa. Anayefanya vyote viwili, kama wengi wanavyofanya hapa, aanze na miguu yenye skrubu ya 3/8 na kichwa cha video kinachopokea pleti za Arca-Swiss. Kichwa cha tufe kitafuata baadaye.

Kwa wasioweza kulipa kwa mkupuo, likelemba, ule mchezo wa kuchangiana kwa zamu unaojulikana na kila Mkongo, unaweza kuwanunulia wapiga picha watano kichwa kimoja kizuri cha kupokezana siku za harusi. Miguu kila mtu awe na yake. Kwa kuwa skrubu ni ya kipimo kimoja, kichwa kitahama kutoka miguu ya huyu kwenda ya yule bila tatizo. Kila anayekipokea akihesabu na pleti zake mbili kabla ya kuondoka, kitadumu miaka mingi.